VIDUKARI KATIKA MBOGA ZA NYUMBANI

Mkulima mwenye mboga karibu na nyumba yake ana akiba kubwa. Mashina machache ya sukuma wiki nyuma ya jiko, kunde kando ya ua na mpilipili katika kopo mlangoni huwapa watoto chakula chema, na fedha ya nyumbani haiendi yote sokoni. Lakini mara nyingi, hasa wakati wa kiangazi, mboga hizo huharibika mbele ya macho ya mwenyewe. Majani hujikunja, huwa manjano, hunata mkononi, na mama wa nyumba huyatupa. Adui ni mdudu mdogo aitwaye kidukari. Watu wengine humwita mdudu mafuta.

Adui huyu anaweza kushindwa kwa maji, sabuni na macho ya mkulima, bila kutia sumu katika chakula cha watoto. Yafaa basi umjue vizuri.

KIDUKARI NI MDUDU GANI?

Kidukari ni mdogo kama kichwa cha pini, na mwili wake ni laini. Yule wa sukuma wiki na kabichi ana rangi ya kijivu, kama aliyepakwa unga. Yule wa kunde ni mweusi na hung'aa. Hukaa kwa makundi chini ya majani na katika vichipukizi. Hatafuni jani kama afanyavyo kiwavi, bali huchoma kwa mdomo mfano wa sindano na kufyonza maji ya mmea. Aina nyingine huchukua ugonjwa kutoka mmea mmoja na kuutia katika mwingine.

Huzaa upesi mno. Majike huzaa watoto walio hai bila kukutana na dume, na wakati wa joto mtoto huweza kuanza kuzaa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo vidukari wachache wa juma hili ni jeshi zima baada ya majuma machache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

RAFIKI WA ADUI

Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka katika mmea wako, geuza majani utazame. Kidukari hutoa maji matamu yanayonata, na sisimizi huyapenda sana. Kwa sababu hiyo huwalinda vidukari kama mchungaji alindavyo ng'ombe wake, na kuwafukuza wadudu wanaotaka kuwala. Maji hayo yakimwagika juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi.

RAFIKI ZAKO MWENYEWE

Si kila mdudu aliye juu ya mboga ni adui. Yuko mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya chungwa, mwenye madoa meusi mgongoni. Huyu hula vidukari. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo: ni mrefu, mweusi au wa kijivu, ana miguu 6, na umbo lake ni kama la mamba mdogo sana. Wakulima wengi humponda kwa kudhani ni mharibifu, kumbe naye hula vidukari wengi kila siku.

Tena wako nyigu wadogo sana, ambao ni vigumu kuwaona. Nyigu huyu hutia yai ndani ya kidukari, na mtoto wake humla kidukari kutoka ndani. Ukiona vidukari waliovimba na kukauka, wa rangi ya kahawia, usiwaponde. Ndani yao mna nyigu watakaotoka kukusaidia.

Msaada wa nyigu si jambo dogo. Katika miaka ya 1970 kidung'ata wa mihogo, mdudu mweupe mwenye unga aliyetoka Amerika ya Kusini, aliingia Afrika na kuharibu mihogo katika nchi nyingi. Wataalamu walimtafuta adui wake huko huko alikotoka, wakampata nyigu mdogo nchini Paraguay. Mwaka 1981 nyigu huyo alianza kuachiliwa nchini Nigeria, kisha akapelekwa katika nchi nyingine nyingi, na mihogo ya watu wengi ikapona. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Ukinyunyiza sumu kali ovyo huwaua rafiki hawa wote. Vidukari wachache waliosalia huzaa tena haraka, wala hakuna wa kuwala.

KAZI YA KUFANYA

1. Kagua mboga zako mara 2 kila juma. Geuza majani na utazame vichipukizi.

2. Vidukari wakiwa wachache, waponde kwa vidole, au kata jani lililojaa ulizike au uwape kuku.

3. Wakizidi, waoshe kwa maji. Mwaga maji kwa nguvu chini ya majani, asubuhi, ili majani yakauke mapema. Wengi wakianguka hawawezi kurudi.

4. Wasipokwisha, tumia maji ya sabuni. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu upate vijiko vikubwa 3, uyeyushe katika maji ya moto kidogo, kisha uongeze maji hadi lita 4. Usitumie sabuni ya unga, maana huweza kuunguza majani. Jaribu kwanza juu ya majani machache na ungoje siku 2. Yasipoungua, nyunyiza mmea wote jioni jua likiwa limepoa. Sabuni humuua kidukari iliyemgusa tu, kwa hiyo lowesha sana upande wa chini wa majani. Rudia baada ya siku 5, na mara ya tatu kama wangalipo. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

5. Mwagilia maji mimea yako wakati wa kiangazi, kwa maana mmea wenye kiu hushindwa upesi. Lakini usizidishe mbolea ya chumvichumvi. Majani laini mno huwavuta vidukari.

6. Mashina ya zamani yaliyokwisha kuvunwa yang'oe. Usipande miche mipya kando yake. Mahali palipokuwa na sukuma wiki panda kunde, kwa sababu vidukari wa sukuma wiki hawaishi juu ya kunde.

MIMEA YA KOPONI

Mpilipili au ua la kopo hushambuliwa na vidukari, na pia na vidung'ata weupe wanaojificha kwenye vikonyo vya majani. Ondoa kopo hilo mbali na mengine. Futa majani na vikonyo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni. Kuzuia sisimizi, weka kopo juu ya jiwe katikati ya sahani yenye maji, na ubadilishe maji kila siku 2 mbu wasizaane. Mche mpya ukiletwa nyumbani, ukague kwanza.

ANGALIA SANA HABARI YA SUMU

Dawa ya pamba, ya kahawa au ya kuogeshea ng'ombe usiitie kamwe katika mboga. Ikiwa huna budi kununua dawa, muulize Bwana Shamba ile iliyoruhusiwa kwa mboga hiyo. Soma karatasi iliyobandikwa, na uhesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Usichume hata jani moja kabla hazijatimia. Usiweke dawa katika chupa ya soda, maana mtoto hataijua na atainywa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kagua mapema.
Zuia sisimizi.
Waache mbawakawa wenye madoa na nyigu wafanye kazi.
Anza kwa maji, kisha sabuni. Sumu iwe ya mwisho.
Mboga unayonyunyizia leo ndiyo watakayokula watoto wako kesho.