SOMO LA WAKULIMA: SHABA UDONGONI NA UHAI WA MICHE

Wakulima wengi wa kahawa katika Afrika Mashariki wamepulizia mibuni dawa za shaba kwa miaka mingi, ili kuzuia kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa uliogunduliwa Kenya mwaka 1922. Dawa hizo zimeokoa mavuno mengi. Lakini shaba haiozi. Hurundikana katika tabaka la juu la udongo, mahali hasa mche unapoanzia maisha.

Shaba kidogo ni chakula cha mmea. Ikizidi ni sumu. Mche hujikinga kwa kuizuia mizizini: sehemu hunaswa na kuta za seli, na sehemu hufungwa na kemikali ambazo mche hujitengenezea. Kwa hiyo majani yaweza kubaki ya kijani hali mizizi imekwisha kudumaa na kugeuka rangi ya kahawia. Kiangazi kikiingia, mche wa namna hiyo haufikii maji.

Mwanachama anayeng'oa mibuni mikongwe ili apande maharage au mahindi asihukumu miche kwa majani tu. Ang'oe michache, aitazame mizizi. Udongo wa kitalu usichotwe chini ya mibuni hiyo. Samadi na mboji huishika shaba. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, ambao huifungua. Kiasi cha chokaa kifuate vipimo vya udongo. Basi vyama vya msingi viwasaidie wanachama kupeleka sampuli maabara kabla ya kupanda.