Coco Beach: Tazama Mwezi Kabla ya Kuita Bajaji

Wengi huenda Coco Beach kwa kufuata saa ya mkononi: Jumapili, saa kumi jioni, wote kwa mpigo. Lakini ufukwe huu wa Oysterbay, Dar es Salaam, una saa yake, nayo husomwa mwezini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: mnamo saa nne asubuhi maji yamekupwa mbali, na ikifika saa kumi au kumi na moja jioni yamejaa, uwanja wa mpira umemezwa. Baada ya wiki huwa maji mafu. Jioni ndiyo hupwa, ingawa si sana. Kwa hiyo wenye watoto wa kuchimba mchanga, nendeni asubuhi ya bamvua au jioni ya maji mafu.

Maji yakipwa, miamba yenye ncha hujitokeza. Vaa yeboyebo, ndala huponyoka. Na ukienda hadi miamba ya mbele, geuka mapema, maana bahari hujaza mabonde yaliyo nyuma yako kwanza, na njia uliyopita kwa miguu mikavu utaikuta maji yamefika kiunoni. Kuoga baharini usiku, sahau kabisa.

Sasa mihogo, ambayo kwa wengine ndiyo safari yenyewe. Chagua karai lenye foleni, kwa kuwa pale muhogo haulali. Uliotoka sasa hivi ukiupasua hutoa mvuke na kumeguka mweupe. Uliokaa huwa mgumu, hata kachumbari na pilipili ya ndimu haviuokoi. Mishikaki uliza bei ya kijiti kimoja kabla hujaketi: “Kaka, mmoja bei gani?” Ukisubiri hesabu mwishoni, vijiti vimeshaongezeka. Dafu ukimaliza kunywa, mwombe muuzaji alipasue na akuchongee kijiko kwenye ganda lake, ukombe nyama.

Machweo ya baharini usiyatafute hapa, kwani ufukwe unatazama mashariki. Ila jioni ya mwezi mpevu, maji yakiwa tele, mwezi huchomoza kutoka baharini giza linapoingia. Kaa palipo na taa na watu, simu mfukoni, pesa ndogo ndogo karibu.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chupa bado zinaachwa mchangani. Njoo na kikapu, na chupa zako uondoke nazo.