SOMO LA JUMA: YESU ALIPOKUWA MTOTO



Kwa ajili ya mchezo wa Noeli, kikundi kimoja kilileta maandishi. Ndani yake Yesu mtoto anafinyanga ndege wa udongo, anapiga makofi, na ndege wanaruka. Tucheze, tusicheze? Tujifunze kwanza.

Hadithi hiyo ni ya zamani. Imo katika Injili ya Utoto ya Tomaso, ambayo haimo katika Biblia. Hata Mmarekani Anne Rice aliiingiza katika riwaya yake ya mwaka 2005. Lakini katika maandishi yale ya Tomaso, mtoto mmoja anakimbia, anamgonga Yesu begani. Yesu anamlaani, na yule anakufa palepale. Je, huyo ndiye Yesu tunayemjua?

Soma Luka 2:41-52. Yesu ana miaka 12, anasikiliza walimu, anawauliza maswali. Kisha anarudi Nazareti, anawatii wazazi, anakua kwa mwili na kwa hekima. Soma tena Yohana 2:11: ishara yake ya kwanza ilikuwa Kana, yeye akiwa mtu mzima.

Wengine watasema: "Mwana wa Mungu ajifunze nini? Si anajua yote!" Basi, tutazame hapa kwetu Wagenia. Mtoto wa mvuvi hazaliwi na ujuzi. Anatazama wakubwa wanavyosimika miti katika mawe ya maporomoko, wanavyofunga mitego kwa kamba za msituni. Siku nyingi zinapita mbele ya kuaminiwa kwenye maji makali. Marko 6:3 inamwita Yesu seremala. Kazi hiyo nayo haijifunzwi siku moja.

Kubuni si vibaya, wandugu, lakini tubuni pale Luka alipoacha nafasi. Shauri langu: ndege tuwaache. Tuonyeshe mtoto anayekata ubao mfupi mno, na Yosefu anamwambia, "Anza tena, mwanangu." Kukosea kipimo si dhambi. Mwenzetu aliyeanguka mtihani akiona hayo, atajua Bwana wake alipita njia ya kujifunza polepole.

Maswali:
1. Waebrania 2:17 inasema Yesu alifanana na nani?
2. Wewe ulijifunza kazi gani polepole, na nani alikuvumilia?

Mkubwa wa wanafunzi