Ua wa Maua: Jinsi ya Kuotesha Bogenvilia katika Embulbul

Barabara itokayo Nairobi kwenda Ngong, ikiisha kupita Karen, hufika Embulbul kabla ya kuingia mji wa Ngong wenyewe. Zamani pande hizo zilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Siku hizi sehemu kubwa ya ardhi imekatwa viwanja, na kila mwenye kiwanja hana budi kufikiri habari ya ua. Ukuta wa mawe ni imara, lakini si kila mfuko unaouweza. Seng'enge hushika kutu, na pengine huibwa usiku. Matawi ya migunga yenye miiba huzuia wanyama vizuri, illa huoza upesi, na kila yakioza hapana budi mgunga mwingine ukatwe.

Lugha ya Kiswahili ina neno moja, ua, kwa kizuizi cha boma na kwa pambo la mti. Mmea uitwao bogenvilia waweza kuyatimiza yote mawili. Una miiba mikali, hustahimili ukame, huishi miaka mingi, na hupendeza macho kwa rangi zake nyekundu, zambarau, chungwa na nyeupe. Tena mtu aweza kuupata bure kwa kipande cha tawi, akijua namna ya kukiotesha.

ASILI YAKE

Bogenvilia si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, hasa Brazili na nchi za jirani. Mwaka 1767 daktari Mfaransa aliyekuwa mjuzi wa mimea, jina lake Philibert Commerson, aliuona karibu na Rio de Janeiro, naye akaupa jina la nahodha wake, Louis-Antoine de Bougainville, aliyekuwa akiizunguka dunia kwa merikebu. Pamoja na Commerson alikuwamo msaidizi wake, Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume kwa sababu wanawake walikatazwa kusafiri katika merikebu za serikali. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia. Leo mmea huo umeenea toka Lamu na Mombasa hata nyanda za juu za Kenya, na watu wengi hudhani ni wa hapa tangu zamani.

Yafaa pia kufahamu kwamba zile sehemu za rangi si maua kwa kweli. Ni majani yaliyogeuka rangi, nayo aghalabu hukaa matatu matatu. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe, kama kijibomba chembamba, lililo katikati yake. Majani hayo huwaita wadudu, na kwa kuwa ni makavu kama karatasi hudumu muda mrefu kuliko maua ya kawaida.

HESABU KABLA YA JEMBE

Kiwanja kinachouzwa sana pande hizi ni cha futi 50 kwa futi 100. Mzunguko wake ni futi 300. Ikiondolewa nafasi ya lango, futi 12, zabaki futi 288. Bogenvilia za ua hupandwa umbali wa futi 3, basi miche itakiwayo ni 96. Kwa kuwa vipande vingi hufa kabla ya kutoa mizizi, mwenye busara huotesha maradufu, yaani kama 200. Mwenye kuotesha 96 tu atakuwa na ua wenye mapengo, na mbuzi wa jirani hahitaji ila pengo moja.

KUCHAGUA MTI MAMA

Bogenvilia nyingi za bustanini hazizai mbegu, na zikizaa, watoto huweza kutofautiana na mama yao. Kwa hiyo huoteshwa kwa vipande vya matawi. Kipande huwa sawasawa na mti kilikotoka, kwa rangi na kwa tabia. Mtu apige hodi kwa jirani wakati mti umechanua, aone rangi, aombe ruhusa, na kufunga uzi kwenye tawi alitakalo. Mti uliochanua vizuri katika baridi ya Embulbul ni mama bora kuliko ule ulioonekana katika joto la pwani, maana umekwisha kuonyesha kwamba waiweza hewa ya huku.

KUKATA NA KUOTESHA

Wakati mwema ni mwezi wa Januari, siku zikiwa na joto. Miezi ya Juni, Julai na Agosti haifai sana katika Embulbul na Ngong, kwa sababu baridi huchelewesha mizizi, na vipande huoza kabla havijaishika ardhi.

Kwanza, huchaguliwa tawi lililokomaa, si changa la kijani wala si kuukuu lenye magome mazito. Unene wake uwe kama wa penseli au zaidi kidogo. Likatwe kwa kisu kikali vipande vya inchi 8, kila kimoja kiwe na vifundo vinne au vitano. Ncha ya chini ikatwe mshazari, chini kidogo ya kifundo, maana hapo ndipo mizizi hutokea kwa wepesi. Ncha ya juu ikatwe sawasawa bila mshazari, ili mtu asije akapanda kichwa chini. Majani yote yaondolewe, yasalie mawili tu ya juu.

Pili, hutengenezwa udongo wa kuoteshea: madebe mawili ya mchanga wa mtoni kwa debe moja la udongo mwekundu uliochekechwa. Samadi isitiwe wakati huu, kwa kuwa huozesha kipande kisicho na mizizi. Udongo hutiwa katika makopo ya bati yaliyotobolewa chini. Kipande huchomekwa hata nusu yake, na udongo ukakandamizwa kwa vidole.

Tatu, makopo huwekwa chini ya kichanja cha nyasi, mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Maji yatiwe kidogo kidogo, udongo uwe na unyevu bila kulowa. Walio na uwezo huweza kununua dawa ya kuotesha mizizi katika maduka ya pembejeo za kilimo. Husaidia, lakini si lazima.

Hapa ndipo wengi hupotea. Baada ya majuma matatu au manne kipande huchipua majani mapya, na mwenyewe hufurahi, akakihamisha. Siku chache baadaye hunyauka. Sababu ni kwamba majani ya kwanza hutoka kwa chakula kilichowekwa akiba katika tawi lenyewe. Si ushahidi wa mizizi. Mizizi huhitaji majuma 6 hata 12. Kipande kisivutwe kujaribiwa, bali tundu la chini ya kopo litazamwe: mizizi myeupe ikionekana, mche uko tayari. Mvumilivu hula mbivu.

KUPANDA

Miche iliyotiwa makoponi Januari, ile yenye nguvu, huweza kupandwa mwezi wa Aprili katika mvua za masika. Iliyo dhaifu ingoje mvua za vuli, Oktoba au Novemba.

Shimo liwe la futi moja na nusu kila upande. Udongo wa juu uchanganywe na karai moja ya samadi iliyooza kabisa. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika kwa wepesi. Kwa hiyo mche using'olewe, bali kopo lipasuliwe ubavuni na bonge la udongo litiwe zima. Katika Embulbul, penye udongo mwekundu, maji hupita bila shida. Lakini Kitengela na sehemu nyingi za Kajiado zina udongo mweusi unaonata na kushika maji wakati wa mvua, kisha hupasuka wakati wa kiangazi. Huko mche upandwe juu ya tuta lenye kimo cha futi moja, la sivyo mizizi itaoza.

Bogenvilia haisimami yenyewe kama mti, huegemea. Zipigwe nguzo na kamba mbili za waya, na matawi yafumwe humo kadiri yakuavyo. Mche ukifika futi moja na nusu ncha yake ikatwe, upate kutoa matawi chini, maana ua mnene juu na mtupu chini haumzuii hata kuku. Mwaka wa kwanza miche izungushiwe miiba mikavu, isiliwe na mbuzi.

MBONA HAITOI MAUA?

Mara nyingi bogenvilia hukua majani tele bila rangi. Sababu zake ni tatu. Ya kwanza ni kivuli: mmea huu hutaka jua muda wa saa sita au zaidi kila siku. Ya pili ni ukarimu uliopita kiasi: maji mengi na samadi nyingi huuambia mmea ukuze majani. Ukiisha kushika ardhi, yafaa uonje kiu kidogo ndipo maji yatiwe tena. Ya tatu ni kukatwa wakati mbaya. Maua hutoka katika ncha za matawi mapya. Anayepunguza matawi kila juma huyakata maua kabla hayajazaliwa. Yakatwe mara maua yanapokwisha, yaondolewe kama theluthi moja. Matawi yaliyokatwa yakusanywe mara moja, kwa kuwa miiba yake huchoma miguu ya watoto na kutoboa magurudumu.

TAHADHARI KWA WAFUGAJI

Si kila ua zuri ni rafiki. Oleanda, ambayo hupandwa sana kandokando ya njia, ina sumu katika kila sehemu yake, hata majani makavu. Ng'ombe au mbuzi akila kidogo huweza kufa. Lantana nayo ililetwa kutoka Amerika kwa ajili ya uzuri wake. Ndege wakatawanya mbegu zake, na leo ni gugu katika malisho mengi, na ng'ombe akiila hudhurika ini na ngozi. Anayefuga, au anayepakana na mfugaji, asipande mimea hiyo, wala asitupe matawi yake palishwapo wanyama.

Liko jambo jingine la kufikiriwa. Ua wa kiwanja cha Embulbul hauzuii njia ya mtu. Katika nyanda za Kitengela mambo ni mengine. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, iliachwa wazi upande wa kusini, na kwa miaka mingi nyumbu na pundamilia wamepita hapo kufuata malisho. Nyua zilizoongezeka zimeibana njia hiyo, hata mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wasiizungushie ua. Kwa hiyo mwenye ekari nyingi huko azungushie nyumba na bustani yake, lakini malisho ayaache wazi, kwa faida ya wanyama na ya ng'ombe wa jirani wakati wa ukame.

Ua mwema humlinda mwenyewe bila kumdhuru aliye ng'ambo. Mwenye kisu kikali, makopo ya bati na subira ya miezi mitatu aweza kuuanza kwa matawi ambayo jirani yake angeyatupa. Naye atakapoombwa kipande siku moja, asikatae.