Maneno Matatu na Safari ya Asili: Kustaafu na Ubunifu katika Kisa cha Alex Haley

1.0 Utangulizi

Kustaafu huchukuliwa na wengi kuwa mwisho wa kazi. Hata hivyo, wako waandishi ambao kazi yao kubwa ilianza baada ya kustaafu, na miongoni mwao wako walioipata katika safari ya kutafuta asili yao. Makala hii inachunguza kisa kimoja tu, cha Mmarekani Mweusi Alex Haley (1921-1992). Hoja inayotetewa ni kwamba safari ya Haley ilizaa matunda kwa sababu alikwenda na maneno ya wahenga wake, na kwamba kasoro za kazi yake zilianza pale alipoyatwisha maneno hayo mzigo wa ushahidi yasioweza kuubeba.

2.0 Kutoka Melini hadi Barazani

Haley alijiunga na Walinzi wa Pwani wa Marekani mwaka 1939 akiwa mhudumu wa mezani melini, kwa kuwa wakati huo Weusi waliachiwa zaidi kazi za namna hiyo. Alijifunza kuandika akiwa baharini, na alipostaafu mwaka 1959, baada ya utumishi wa miaka 20, alikuwa na cheo cha mwandishi wa habari wa kikosi hicho. Alikuwa hajatimiza miaka 40. Mwaka 1965 ilitoka tawasifu ya Malcolm X aliyoiandika kutokana na mahojiano naye.

Kazi iliyofuata ilitokana na masimulizi ya utotoni. Katika mji wa Henning, jimbo la Tennessee, bibi yake mzaa mama na ndugu zake walizoea kukaa barazani na kusimulia habari za mhenga wao, ambaye walimwita Mwafrika tu. Katika masimulizi hayo yalihifadhiwa maneno machache ya kigeni: jina lililotamkwa "Kin-tay", neno "ko" kwa ala ya nyuzi, na "Kamby Bolongo" kwa mto.

3.0 Maneno Yanathibitisha Nini?

Haley aliyapeleka maneno hayo kwa Jan Vansina, mwanahistoria aliyekwisha kuchapisha mwaka 1961 kitabu chake juu ya mbinu za kutumia mapokeo simulizi. Maneno hayo yalibainika kuwa yaelekea ni ya Kimandinka, lugha ya kundi la Kimande inayozungumzwa Gambia na nchi jirani. Katika lugha hiyo "bolongo" ni mto au mkono wa mto, na "Kamby" inalingana na jina la Gambia lenyewe. "Ko" ilielezwa kuwa ufupisho wa kora, ala ya nyuzi ya manju wa Kimandinka. Kinte ni jina la ukoo.

Kwa mtazamo wa isimu ushahidi huu una thamani. Neno moja linaweza kufanana na la lugha nyingine kwa bahati. Maneno matatu ya nyanja tofauti yanayoelekea lugha moja hayaelezeki kwa urahisi hivyo. Lakini lazima kiwango cha ushahidi kipimwe. Jina la mto hutaja eneo. Jina la ala hutaja utamaduni. Jina la ukoo uliotapakaa hutaja watu wengi walioishi vijiji vingi. Kwa hiyo maneno hayo yanaielekeza familia kwenye lugha; hayaielekezi kwenye kijiji, seuze kwa mtu mmoja.

4.0 Hatua Iliyorukwa

Mwaka 1967 Haley alifika Juffure, kando ya mto Gambia, akamsikiliza mzee Kebba Kanji Fofana akitaja nasaba ya ukoo wa Kinte. Humo alitajwa kijana Kunta, aliyekwenda kukata mti asirudi, wakati walipokuja askari wa mfalme. Kutokana na dokezo hilo Haley alikadiria mwaka, akaufungamanisha na meli Lord Ligonier, iliyotia nanga Annapolis tarehe 29 Septemba 1767.

Wahakiki walifuata nyayo zake. Donald Wright (1981) alionyesha kwamba Fofana hakuwa manju aliyefunzwa kazi hiyo kwa kurithishwa, na kwamba habari za alichokitafuta mgeni zilikuwa zimemtangulia. Msimulizi alirudishiwa kisa, kisha kisa kikarudi kwa mwenyewe kama uthibitisho. Wataalamu wa nasaba Gary Mills na Elizabeth Shown Mills nao waligundua kuwa mtumwa Toby, ambaye Haley alimtambua kuwa Kunta, ametajwa Virginia katika kumbukumbu za kabla ya 1767. Aidha, mwaka 1978 Haley alimlipa fidia Harold Courlander kwa vifungu vilivyofanana na vya riwaya yake ya 1967.

Hata hivyo, kitabu cha Haley, Roots (1976), kilipata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1977, na mwaka huohuo mamilioni ya Wamarekani waliitazama hadithi yake katika televisheni. Wengi walianza kuwauliza wazee wao. Mwaka 2011 kisiwa cha James, karibu na Juffure, kilipewa jina la Kunta Kinteh.

5.0 Funzo kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Tatizo hili si geni Pwani. Tarikhi ya Kilwa husimulia waanzilishi waliokuja kwa majahazi kutoka Shiraz. Nurse na Spear (1985), kwa kutumia ushahidi wa kiisimu, walionyesha kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Simulizi za Shiraz hazikutupwa kwa sababu hiyo. Zilisomwa upya kama kauli za hadhi na uhusiano wa watu wa miji. Vivyo hivyo, nasaba ya Juffure yaweza kukataliwa kama rekodi huku ikichunguzwa kama fasihi.

6.0 Hitimisho

Wahenga husema mwacha asili ni mtumwa. Kisa hiki kinaongeza kwamba anayeifuata asili anapaswa kujua mahali ushahidi wake unapokoma. Mstaafu anayefunga safari ya kwao atanufaika akikusanya maneno kabla ya majina, akiuliza bila kutangulia kusema anachotaka kusikia, na akiandika tofauti za wasimulizi badala ya kuzisuluhisha. Pale ushahidi unapokwisha, ubunifu una haki yake kamili, ilimradi msomaji aonyeshwe mpaka huo. Haley aliuvuka bila kuuonyesha vya kutosha, na deni hilo limebaki juu ya kitabu chake. Maneno matatu ya barazani hayakuwa na deni lolote: yalitoka kwa mtu aliyekatazwa lugha yake, yakapokewa kizazi hata kizazi na watu wasiojua maana yake, lakini hawakuyaacha.