Usalama wa mwanafunzi hauishii getini

Mzazi akiulizia usalama wa mwanawe shuleni, huulizia uzio, bweni na mlinzi. Ni haki yake. Lakini kwa wazazi wa Nyakunguru, na wa Tarime na Serengeti kwa jumla, nina swali jingine: shule ikifungwa Desemba, binti yuko salama nyumbani?

Kwa Wakurya, msimu wa ukeketaji huangukia likizo hiyo, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili. Mabinti wamekimbilia kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba salama ya Mugumu, Serengeti. Yaani mtoto anamkimbia mzazi!

Wapo wasemao asiyekeketwa hapati mume. Lakini aliyekeketwa huhesabiwa mtu mzima. Mahari hufuata, na masomo yakaishia hapo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 imemlenga mlezi mwenyewe: akisababisha binti wa chini ya miaka 18 akeketwe, kifungo ni miaka 5 hadi 15.

Basi kikao cha wazazi cha kufunga muhula kisivunjwe kabla hili halijazungumzwa. Na Januari, mwalimu ahesabu nani hakurudi, aulize kwa nini. Mtoto ni amana.