Nukta Ambapo Hesabu Hukatika



Neno limeenea katika baraza zetu, hasa kwa vijana watokao skuli, ya kwamba elimu imekwisha thibitisha kuwa ulimwengu ulianza kwa nukta moja isiyo na upana wala kimo. Wako walishangiliao kuwa ni hoja ya dini, na wako walishikao kuwa ni hoja ya kuipinga. Sisi twaona yatupasa kwanza kulipima neno lenyewe, kwani asiyemjua shahidi wake hashindi daawa.

Asili yake ni hii. Mwaka 1915 Albert Einstein alitoa kanuni mpya za nguvu ya uvutano. Kwa kanuni hizo Alexander Friedmann wa Urusi, mwaka 1922, na Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, mwaka 1927, walionyesha kuwa ulimwengu waweza kutanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble akabainisha kwamba makundi ya nyota, kadiri yalivyo mbali nasi, ndivyo yanavyozidi kasi kwenda mbali. Ukiirudisha hesabu nyuma kiasi cha miaka bilioni 13.8, vyote hukusanyika. Na ukiisukuma mpaka ukomo, ukubwa huwa sifuri, na joto huwa halina kiasi. Hapo ndipo paitwapo singulariti. Mwaka 1970 Roger Penrose na Stephen Hawking walithibitisha kwamba kanuni za Einstein, kwa masharti maalumu, haziwezi kuikwepa nukta hiyo.

Lakini nahodha akitupa bildi, kamba ikamwishia kabla ya kugusa chini, hasemi bahari haina chini. Husema kamba yangu imekwisha. Na hapa kamba huisha kwa sababu kanuni hizo hazikutia hesabuni tabia ya chembe ndogo mno, kama elektroni, ambazo zina sheria zake, ziitwazo za kwanta. Mwaka 1927 Werner Heisenberg alionyesha kwamba chembe, kadiri ibanwavyo mahali padogo, ndivyo mwendo wake uzidivyo kukosa hakika. Vipi basi itulie katika nukta isiyo na upana? Mwaka 1974 Hawking alizikutanisha kwa sehemu sheria hizo mbili ukingoni mwa shimo jeusi, akapata kuwa shimo lidhaniwalo halitoi kitu hutoa chembe na joto. Ila kwa shimo lenye uzito wa jua letu, joto hilo halifiki sehemu moja ya milioni kumi ya digrii juu ya ukomo wa baridi, wala halijaonekana kwa darubini yoyote.

Lemaître mwenyewe aliandika mwaka 1931 kwamba hapo mwanzoni mahali na wakati havikuwa na maana. Na Papa Pius wa 12 alipoifunga elimu hiyo na uumbaji, mwaka 1951, padri huyo hakupendezwa. Aliitaka elimu ya nyota isimame kwa ushahidi wake.

Basi kijana akikuuliza, mjibu hivi: kutanuka kumeonekana; mabaki ya joto la kale yaliyoenea mbinguni, yaliyogunduliwa mwaka 1964, yameonekana; nukta haikuonekana, bali ni pale hesabu ilipokatika. Mwenye kuyapambanua haya matatu hatayumbishwa na kila neno la barazani.